Kemo ya kwanza imeacha kumsaidia mama: FOLFIRI, India, au kitu kingine?

Swali: Daktari, hujambo. Naandika kutoka Ahero. Mama yangu ana miaka 54. Mwaka jana alipatikana na saratani ya utumbo mpana, upande wa kushoto chini, ikiwa tayari imefika kwenye ini. Alifanyiwa upasuaji wa utumbo, kisha akaanzishiwa CAPOX, yaani dripu ya oksaliplatini na vidonge vya kapesitabini. Baada ya mizunguko sita vidole na nyayo zilikufa ganzi sana, wakaondoa dripu akabaki na vidonge vya kapesitabini. Skani ya mwezi uliopita inaonyesha vivimbe vya ini vimekua na vingine viwili vipya kwenye mapafu. Daktari wake hapa Kisumu anataka kumwanzishia FOLFIRI. Kaka yangu mkubwa anasema huko ni kupoteza wakati, tuuze kipande cha shamba tumpeleke India wakampe dawa mpya. Mama bado anatembea, anapika, anaenda kanisani. Tufanye nini?

Jibu: Dada, pole sana, na umfikishie mama pole zangu. Hiyo habari ya kupika na kwenda kanisani umeiandika mwisho kama ya kupitia tu, lakini mimi ndiyo niliyoisoma mara mbili. Nguvu za mgonjwa ndizo huamua kama awamu ya pili ya kemo itamsaidia au itamtesa, na mama anazo.

Daktari wenu hajakosea. FOLFIRI ndiyo dawa ambayo mgonjwa kama mama angeanzishiwa Nairobi, Mumbai au London baada ya CAPOX kuacha kufanya kazi. Kaka yako angelisikia jina hilohilo akishashuka ndege. Tofauti ingekuwa katika kile kinachoongezwa juu yake, na hicho huamuliwa na vipimo vya uvimbe wenyewe, ambavyo sikuviona popote katika barua yako. Kama havijafanywa, hiyo ndiyo kazi ya wiki hii. Shamba lingoje.

Nianze na dawa. FOLFIRI ni fluorourasili, leukovorini na irinotekani. Fluorourasili mama ameshaijua kwa sura nyingine, maana kapesitabini aliyokuwa akimeza hugeuka kuwa fluorourasili mwilini. Leukovorini kazi yake ni kuitia nguvu. Ngeni kwake ni irinotekani, nayo ndiyo tunayoitegemea. Huzuia kimeng'enya ambacho seli hutumia kulegeza mikunjo ya DNA zinapojiandaa kugawanyika, DNA ikakatika na seli ikafa. Oksaliplatini ile ya dripu ilikuwa ikishambulia kwa njia nyingine, kwa hiyo uvimbe ulioizoea ile unaweza bado kuumizwa na hii. Jambo jingine litakalomfurahisha mama: irinotekani haileti ganzi ya vidole. Ganzi aliyonayo inaweza hata kuzidi kidogo miezi michache baada ya oksaliplatini kusimamishwa, kisha kwa wengi hupungua polepole. Nywele lakini zitapungua kuliko mara ya kwanza, mwambieni mapema.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 1998 kulichapishwa utafiti wa wagonjwa ambao fluorourasili ilikuwa imeshindwa kwao. Baadhi walipewa irinotekani, wengine huduma ya kutuliza dalili pekee. Mwaka mmoja baadaye, waliokuwa hai upande wa irinotekani walikuwa asilimia 36, na upande wa pili asilimia 14. Kisha mwaka 2004 Wafaransa wakalinganisha kuanza na FOLFOX, ambayo ni ndugu ya CAPOX, halafu FOLFIRI, dhidi ya kuanza na FOLFIRI halafu FOLFOX. Muda wa kuishi ulikaribiana mno, kama miezi 21 kwa mpangilio wowote. Tulichojifunza hapo ni kwamba mgonjwa anahitaji kuzipata zote mbili, na ipi ilitangulia si hoja kubwa. Mama amepata moja.

Sitakuficha upande wa pili wa hesabu. Katika tafiti kubwa za wagonjwa wa awamu hii, waliopewa FOLFIRI peke yake waliishi kwa wastani kama mwaka mmoja tangu waianze: nusu walivuka hapo, nusu hawakufika. Uvimbe kupungua sana hutokea kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya kumi. Kwa wengi zaidi husimama tu kwa miezi kadhaa bila kukua, na kwetu hilo linahesabiwa kuwa ushindi, hata kama ripoti ya skani itaandikwa kwa maneno makavu. Haiponyi. Ikiwa kuna mtu katika familia anayeuza shamba akiamini ananunua kupona, huyo anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatia sahihi.

Sasa vipimo. Mama alipofanyiwa upasuaji, kipande cha uvimbe kilipelekwa maabara ya patholojia, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba vya kutazamwa kwa darubini. Kilichobaki ndani ya nta hakitupwi. Huwekwa kwenye kabati la maabara hiyo kwa miaka, na ndicho chenye majibu tunayoyataka. Nenda hospitali alikopasuliwa ukiwa na barua ya daktari wake na nambari ya sampuli iliyoko juu ya ripoti ya patholojia, uombe bloku, yaani hicho kipande cha nta. Wakikupa ripoti tu, sema ripoti unayo tayari. Watakuandikisha kwenye daftari ukaondoka nayo ndani ya bahasha. Haihitaji barafu, ila usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Maabara kubwa za Nairobi hupokea bloku kutoka huku kwetu, na hospitali kubwa kama Jaramogi pale Kisumu au Moi pale Eldoret hutuma sampuli mara kwa mara, kwa hiyo ulizeni kama yenu inaweza kupanda na za wengine. Ikitokea imepotea au imeharibika, bayopsi ya sindano kwenye ini, yaani kuchukua kipande kidogo kipya, inatosha.

Mnatafuta nini humo? Cha kwanza ni protini nne zinazorekebisha makosa ya DNA: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Ni kipimo cha rangi juu ya kipande cha nyama, si ghali kama vile vya jeni, na majibu yake huja haraka. Kwa saratani ya utumbo iliyosambaa, wagonjwa kama wanne au watano katika mia hukosa mojawapo. Mama akiwa mmoja wao mambo yote yanabadilika, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo huitikia dawa za kuamsha kinga ya mwili kama pembrolizumabu na nivolumabu. Hata kwa wagonjwa ambao kemo ilishashindwa, theluthi hivi uvimbe wao hupungua, na wengi kati ya hao hukaa hivyo kwa miaka. Hapo ndipo ningesema kaka yako ana hoja kuhusu dawa mpya, na hapo ndipo ningekaa na familia kuzungumza juu ya pesa nyingi. Kwa kuwa majibu haya huja mapema, ningeyasubiri kabla ya dripu ya kwanza.

Cha pili ni jeni za RAS, yaani KRAS na NRAS. Karibu nusu ya saratani hizi zina mabadiliko hapo. Zisipokuwa nayo, kuna dawa mbili, setuksimabu na panitumumabu, zinazoziba mlango ambao uvimbe hupokelea amri ya kukua, na hufanya vizuri zaidi kwa uvimbe ulioanzia upande wa kushoto kama wa mama. Katika utafiti mmoja wa wagonjwa walio kwenye awamu ya pili ya kemo, kuongeza panitumumabu kwenye FOLFIRI kulifanya uvimbe upungue kwa wagonjwa 35 kati ya 100, badala ya 10. Muda wa kuishi, hata hivyo, haukuonyesha tofauti ya wazi, labda kwa sababu baadhi ya wagonjwa wa upande wa pili walizipata dawa hizo baadaye. Jeni zikiwa zimebadilika, dawa hizi ni hasara tupu: upele wa uso, pesa kuisha, na uvimbe uko palepale. Nimeona familia zikinunua setuksimabu bila kipimo cha RAS kwa sababu mtu aliwaambia ni dawa ya nguvu. Tafadhali msiwe hao.

BRAF na HER2 zipimwe kwa safari hiyohiyo ikiwezekana. BRAF ikiwa na badiliko liitwalo V600E, hali ya wagonjwa chini ya kumi kwa mia, ugonjwa huwa mkali na una mchanganyiko wake wa vidonge vya enkorafenibu pamoja na dripu ya setuksimabu. HER2 ni adimu zaidi, kama watatu kwa mia, na hutibiwa kwa trastuzumabu ikiambatana na dawa nyingine. Majibu ya jeni huchukua wiki kadhaa. Hayo msiyasubiri mkiwa mmekaa. FOLFIRI ianze, na kinachofaa kiongezwe yakifika.

Mtatajiwa pia bevasizumabu, dawa inayoziba mishipa midogo ya damu inayolisha uvimbe. Haihitaji kipimo cha jeni, na ndiyo maana hutajwa kwa wepesi. Utafiti wa mwaka 2013 uliwapa wagonjwa wa awamu ya pili kemo pamoja na bevasizumabu, wakalinganishwa na kemo peke yake: miezi 11.2 dhidi ya 9.8. Ni faida ya kweli, ni kama mwezi mmoja na nusu, na ina gharama ya presha kupanda na hatari ya kutokwa damu. Bima ikilipa, au mkipata ile ya bayosimila, yaani nakala yake ya kampuni nyingine, kwa bei nafuu, sina kinyongo nayo. Kuuza ardhi kwa ajili yake, mimi nisingeuza, na nisingemlaumu daktari atakayesema vingine.

Kuna jambo katika historia ya mama ambalo naomba umkumbushe daktari, kwa maana faili likinenepa mambo hupotea ndani. Oksaliplatini ilisimamishwa kwa sababu ya ganzi. Uvimbe ulikua akiwa kwenye vidonge peke yake. Maana yake oksaliplatini haijathibitishwa kushindwa, na ganzi ikipungua, siku moja inaweza kurudiwa. Waulize skani ya mzunguko wa sita ilisemaje. Kama ilionyesha vivimbe vikipungua au vimesimama, ni akiba. Kama tayari vilikuwa vinakua, mlango huo umefungwa.

Kuhusu jinsi ya kuipokea FOLFIRI: kila wiki mbili, na fluorourasili hutiririka kwa saa 46 kupitia mshipa mkubwa. Panapokosekana pampu ya kwenda nayo nyumbani, mgonjwa hulazwa siku mbili, mara mbili kwa mwezi. Watu wa Ahero mnajua barabara inavyokuwa mto Nyando ukifurika. Ulizeni kuhusu XELIRI, ambayo ni irinotekani kwa dripu siku moja na kapesitabini kwa vidonge siku 14, kila wiki tatu. Utafiti uliofanywa Japani, China na Korea Kusini, ukachapishwa 2018, ulionyesha kwamba XELIRI ya dozi zilizopunguzwa haikuzidiwa na FOLFIRI. Neno la kushika ni dozi zilizopunguzwa: irinotekani miligramu 200 na kapesitabini 800 asubuhi na jioni, zote kwa kila mita ya mraba ya mwili. Ile ya zamani yenye dozi kubwa iliwaharisha watu vibaya. Kwa mama kuna swali halali, je, kapesitabini iliyoshindwa irudishwe? Fluorourasili ya FOLFIRI nayo ni ya ukoo huohuo, kwa hiyo hoja hiyo haiiangushi XELIRI peke yake. Daktari aamue, lakini aamue akijua mnakotoka.

Kuharisha ndiko kutakakomsumbua mama zaidi. Kuna kunakokuja siku ileile ya dripu, pamoja na jasho, mate mengi na tumbo kukata. Muuguzi humaliza kwa sindano ya atropini. Kwa baadaye, siku ya tano au ya saba hivi, mama yuko nyumbani na hapo ndipo hatari. Asiondoke kliniki bila loperamidi mkononi na maelezo yaliyoandikwa. Kawaida ni miligramu 4 mara tu choo kinapokuwa maji, kisha miligramu 2 kila baada ya saa mbili hadi apitishe saa 12 bila kuharisha. Mtu wa kemisti atashtuka, atasema dozi imezidi, kwa sababu boksi linasema vingine. Muonyesheni karatasi ya daktari. ORS iandamane nayo. Ikipita siku moja hakuna nafuu, au kukiwa na homa, damu au kutapika, ni hospitali, hata kama ni usiku.

Homa nayo ina mtego wake huku kwetu. Nyanda za Kano mtu akipata joto, familia nzima inajua ni malaria, na dawa yake, AL, iko kwenye droo. Kwa mgonjwa wa kemo, nyuzi 38 ni dharura. Apimwe malaria, ndiyo, na siku hiyohiyo apimwe wingi wa chembe nyeupe za damu, maana zikiwa chini, maambukizi ya bakteria huweza kumuua mtu kati ya jioni na asubuhi. Nunueni kipimajoto.

Mwambieni daktari dawa zote anazotumia mama, na hapa naomba msione haya. Kama anatumia ARV zenye atazanaviri, irinotekani hurundikana mwilini na kuwa sumu. ARV hizo hubadilishwa kabla ya kuanza, na zenye dolutegraviri hazina tatizo hilo. Rifampisini ya TB na baadhi ya dawa za kifafa hufanya kinyume, huidhoofisha. Manyasi, yaani dawa za mitishamba, pia yatajwe. Siwagombezi wanaoyanywa, lakini sijui la kufanya na ini lililoharibika ghafla nikiwa sijaambiwa kilichopita humo. Na macho yakianza kuwa ya manjano, dripu isitolewe hadi ijulikane sababu, kwa kuwa irinotekani hutolewa mwilini kwa njia ya nyongo.

India, basi. Wana wataalamu wazuri na siwapingi. Ila dawa za awamu hii hutolewa kila wiki mbili au tatu kwa miezi, na wagonjwa wengi ninaowaona hurudi baada ya mizunguko miwili pesa zikiwa zimeisha, wakaendelea hapahapa na FOLFIRI ileile. Tangulizeni karatasi kabla ya mtu: skani kwenye CD, ripoti ya patholojia na majibu ya jeni, zitumwe kwa maoni. Wakijibu kwamba kuna kitu ambacho Kisumu, Eldoret na Nairobi hawana, tena kinachoendana na vipimo vya mama, mtakuwa na sababu ya safari. Upasuaji wa ini mtakaousikia ukisifiwa huwafaa wale wenye vivimbe vichache vilivyotulia. Vya mama vinakua na vingine vimeibuka mapafuni, kwa hiyo si wakati wake.

Hapa nyumbani, hakikisheni mama amesajiliwa SHA, bima ya afya ya taifa, na mchango wa mwaka umelipwa. Ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka, yaani 400,000 za bima ya jamii na 150,000 za mfuko wa magonjwa sugu. Kiwango hicho kimekuwa kikijadiliwa, basi mpite kwenye dawati la SHA hospitalini mjue kilichobaki, tena kabla ya skani inayofuata, kwa sababu skani hukila haraka. Dawa za FOLFIRI ni za zamani na zina nakala nyingi, ndiyo maana bajeti hii huweza kuzibeba.

Skani irudiwe baada ya miezi miwili au mitatu. Ikionyesha FOLFIRI haifanyi kazi, acheni. Baada ya hapo kuna vidonge vya trifluridini na tipirasili, ambavyo vikiambatana na bevasizumabu vilifikisha wastani wa miezi 10.8 dhidi ya 7.5 vikiwa peke yake, na kuna regorafenibu, ambayo mimi huitoa kwa shingo upande: faida yake ni wiki chache, na mikono na nyayo huchubuka. Tutafika huko tukifika.

Tiba shufaa msiiache mpaka mwisho. Watu wa hospisi wanajua maumivu ya ini, kukosa hamu ya kula na usingizi kuliko sisi wa dripu, na mgonjwa anaweza kuwa nao huku kemo ikiendelea. Wakimpa mofini ya maji, ainywe bila hofu ya kuzoea. Daktari wa kemo tu ajue, kwa sababu mofini hufunga choo na irinotekani hukifungua, na dozi za loperamidi zitahitaji kupangwa upya.

Mwisho ni wewe na kaka yako. Mtoto wa mgonjwa wa saratani ya utumbo anapaswa kufanyiwa kolonoskopi, yaani kutazamwa utumbo mpana kwa kamera, kuanzia miaka 40, hata bila dalili yoyote. Na kipimo kile cha protini nne kikionyesha mama amekosa mojawapo, huenda ni jambo la kurithi. Hapo mtaomba kipimo cha jeni cha damu, na atakayekutwa nalo ataanza kolonoskopi akiwa kijana, kila mwaka mmoja au miwili. Bloku ile ya nta, kwa hiyo, si ya mama peke yake. Ifuateni Jumatatu.